Mabingwa wawili wa Ulaya mwaka 2001: ilikuwaje, na nani alikuwa bora?

Swali: Ninafundisha kikapu vijana hapa Dubai, na tangu timu ya mji huu iingie EuroLeague msimu wa 2025-26, vijana wangu wamekuwa wakiuliza sana historia ya mashindano hayo. Nikaanza kuwaandalia orodha ya mabingwa wa klabu za Ulaya. Kila mwaka una jina moja, isipokuwa 2020, ambao mashindano yalifutwa kwa sababu ya korona, na 2001 wenye majina mawili, Maccabi Tel Aviv na Kinder Bologna. Ilikuwaje? Bingwa halisi ni yupi? Na jambo kama hilo linaweza kutokea tena?

Jibu: Kocha, orodha yako iko sahihi. Yaandike majina yote mawili wala usiweke alama ya kuuliza pembeni. Kinder Bologna walitwaa ubingwa Alhamisi ya tarehe 10 Mei 2001, na Maccabi wakatwaa wao Jumapili iliyofuata, tarehe 13. Timu hizo hazikukutana msimu ule katika mashindano ya Ulaya, kwa sababu kila moja ilicheza mashindano yake. EuroLeague yenyewe leo inayatambua mataji yote mawili. Maccabi wanahesabiwa mataji sita, na la 2001 limo ndani yake.

Unapoandika orodha, kumbuka pia kwamba Kinder ni jina la mdhamini, ile chokoleti ya Italia. Klabu ni Virtus Bologna, waliokuwa wameshachukua ubingwa mwaka 1998. Vivyo hivyo Tau Cerámica utakaowakuta kwenye fainali ya 2001 ni Baskonia wa mji wa Vitoria, Uhispania, na Paf ni Fortitudo, klabu ya pili ya Bologna. Vijana wako wasipojua hilo watadhani klabu hizo zimekufa.

Sasa chanzo. Kuanzia 1958, ASK Riga walipokuwa mabingwa wa kwanza, mashindano makubwa ya klabu za Ulaya yaliendeshwa na FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Kwa miaka mingi hakuna aliyelipinga hilo. Lakini kufikia miaka ya 1990 klabu kubwa zilikuwa zimebadilika. Zilikuwa zinalipa mishahara minono, zinasajili Wamarekani, na wadhamini wake walitaka kuonekana kwenye televisheni. Wakati huohuo haki za matangazo na kalenda ya michezo vilikaa mikononi mwa shirikisho. Mwenye klabu aliyekuwa akitoa fedha zake kila mwezi alijiona mgeni katika biashara ambayo yeye ndiye aliyeigharamia. Mimi naona malalamiko yao yalikuwa na msingi, na nasema hivyo nikijua kwamba namna walivyoyatatua iliwaumiza mashabiki.

Ligi za Uhispania, Italia na Ufaransa zilikuwa zimeunda umoja wao, ULEB, tangu 1991. Mwaka 2000 umoja huo ukapiga hatua ambayo wengi hawakuamini ingepigwa: ukaanzisha kampuni yake ya kuendesha mashindano, chini ya Mhispania Jordi Bertomeu, na kampuni ya simu ya Telefónica ikiwa nyuma yake kifedha. Halafu likaja la jina. FIBA walikuwa wakiyaita mashindano yao EuroLeague tangu 1996, lakini hawakuwa wamelisajili jina hilo kisheria. Waasi hao wa ULEB wakalichukua. FIBA, chini ya katibu mkuu wake Borislav Stanković, wakajikuta hawana njia ya kulirudisha, na mashindano yao yenye historia ya zaidi ya miaka arobaini yakalazimika kubuniwa jina jipya: SuproLeague. Kwa anayefuatilia uendeshaji wa michezo, hilo ni funzo zito sana. Shirikisho lilikuwa na makombe, kumbukumbu na waamuzi, likapoteza jina kwa karatasi moja ambayo haikujazwa.

Kiangazi cha mwaka 2000 kikapita klabu zikichagua upande. Uhispania yote ilikwenda kwa waasi: Real Madrid, Barcelona, Tau na Estudiantes. Ufaransa na Uturuki zikabaki na FIBA, yaani ASVEL na Pau-Orthez, Efes Pilsen na Ülker. Kwingineko mgawanyiko ulipita katikati ya nchi. Ugiriki, Olympiacos na AEK wakaondoka huku Panathinaikos, mabingwa watetezi, wakibaki. Israeli, Maccabi wakabaki na Hapoel Jerusalem wakaondoka. Yugoslavia ya wakati huo, Partizan wa Belgrade upande wa FIBA, Budućnost wa Podgorica upande wa waasi. Split huku, Cibona wa Zagreb kule. Alba Berlin huku, Frankfurt kule. CSKA Moscow wakabaki, na waasi wakaingiza timu ya Urusi iliyoitwa St. Petersburg Lions ili nchi hiyo isikosekane upande wao. Italia, Pesaro walikuwa FIBA, lakini klabu zake kubwa, Kinder, Paf na Benetton Treviso, zilikuwa EuroLeague mpya.

Ukijumlisha unapata klabu 24 upande mmoja na 20 upande wa pili, 44 kwa jumla, zote zikidai ziko ngazi ya juu kabisa ya Ulaya. Ni nyingi mno. Ili kujaza nafasi, kila upande ulichukua timu ambazo mwaka mmoja nyuma zingekuwa kwenye vikombe vidogo, ndiyo maana London Towers walijikuta wakicheza EuroLeague. Mashabiki walioniambia kwamba msimu ule ulikuwa na michezo mingi dhaifu hawakukosea, hasa kwenye hatua ya makundi. Utamu ulianza kwenye mtoano.

Mifumo pia ilitofautiana, na tofauti hii waeleze vijana kwa sababu ina uzito kwenye swali la nani alikuwa bora. FIBA waligawa timu zao makundi mawili ya timu kumi kumi, kila timu michezo 18, kisha mtoano, kisha timu nne za mwisho zikakutana mji mmoja na kumaliza kila kitu ndani ya siku tatu: ukifungwa mchezo mmoja umekwisha. EuroLeague mpya ikatengeneza makundi manne ya timu sita sita, na baada ya hapo kila hatua ilikuwa mfululizo wa michezo. Nusu fainali na fainali zilichezwa kwa kutafuta ushindi mara tatu katika michezo mitano, kama NBA, ligi kuu ya Marekani. Ni msimu huo pekee ambao ubingwa wa EuroLeague umewahi kuamuliwa kwa fainali ya michezo mitano. Mwaka uliofuata walirudi kwenye timu nne mji mmoja na hawajaondoka huko hadi leo. Binafsi naona ni hasara. Fainali ya mchezo mmoja inasisimua, lakini ya michezo mitano inamlazimisha kocha afikiri upya kila baada ya siku mbili, na hapo ndipo unapouona ukocha wenyewe.

EuroLeague mpya ilifunguliwa tarehe 16 Oktoba 2000 jijini Madrid, Real Madrid wakiwafunga Olympiacos 75 kwa 73. Msimu huo pia ndio kikapu cha FIBA kilihama kutoka vipindi viwili vya dakika 20 kwenda robo nne za dakika 10, na sekunde za kushambulia zikashuka kutoka 30 hadi 24. Makocha waliozoea kupitisha mpira mikono kumi kabla ya kutupa walilazimika kubadilika haraka, na timu zenye walinzi wepesi zikanufaika.

Kuna jina moja la msimu huo ambalo vijana wako hulisikia kila mwaka bila kumjua mwenyewe. Mfungaji bora alikuwa Alphonso Ford, mlinzi Mmarekani wa Peristeri, klabu ya kitongoji cha Athens, kwa wastani wa pointi 26 kila mchezo. Alikuwa akiugua saratani ya damu, akaendelea kucheza Ulaya kwa miaka kadhaa, akafariki Septemba 2004 akiwa na miaka 32. Tuzo ya mfungaji bora wa EuroLeague inaitwa kwa jina lake. Wasimulie hilo. Mchezaji bora wa hatua ya makundi hakutoka Madrid wala Barcelona; alikuwa Dejan Tomašević wa Budućnost. Barcelona walikuwa na kijana mrefu aliyeitwa Pau Gasol, ambaye Juni 2001 alichaguliwa wa tatu kwenye drafti ya NBA, yaani zoezi la klabu za NBA kuchagua wachezaji wapya.

Lakini kiini cha msimu ule kilikuwa Bologna. Mji usiofikisha watu laki nne uliingiza klabu zake mbili nusu fainali, nazo zikapangwa kukutana zenyewe. Paf walikuwa na Carlton Myers na Gregor Fučka, wote wawili mabingwa wa Ulaya na timu ya taifa ya Italia mwaka 1999. Kinder wakawafunga 3-0. Upande wa pili Tau nao wakawaondoa AEK kwa 3-0.

Hao Kinder walitengenezwa katika mazingira magumu. Nyota wao Predrag Danilović, aliyewapa ubingwa wa 1998, alikuwa amestaafu mwaka 2000 akiwa na miaka 30 tu. Kocha Ettore Messina akajikuta na kundi la wachezaji wenye vipaji lakini wasio na kiongozi aliyezoeleka: Antoine Rigaudeau, Mfaransa mwenye akili ya mchezo; Marko Jarić, mlinzi mrefu; Matjaž Smodiš, kijana wa Kislovenia mwenye mkono mzuri wa mbali; Rashard Griffith, jitu la chini ya kikapu. Na alikuwepo Muajentina mmoja aliyesajiliwa kiangazi hicho kutoka Reggio Calabria, ambaye San Antonio Spurs wa NBA walikuwa wamemchagua wa 57 kwenye drafti ya 1999 na kumwacha Italia. Huyo ni Emanuel Ginóbili.

Fainali ilianza Bologna, na Tau wakawanyamazisha wenyeji kwa 78 kwa 65. Kocha wa Tau, Duško Ivanović, alikuwa mtu wa ulinzi mkali na mazoezi magumu, na timu yake ilionekana kutomwogopa yeyote. Mchezo wa pili Kinder wakajibu kwa 94 kwa 73. Kisha wakaenda Vitoria wakashinda 80 kwa 60, ugenini, kwa tofauti ya pointi 20. Ukiwa umeuona mchezo huo ungesema fainali imekwisha. Tau wakakataa: mchezo wa nne wakashinda 96 kwa 79. Hebu tazama namba hizo kwa makini. Michezo minne, na hakuna hata mmoja ulioamuliwa kwa pointi chini ya kumi. Kila timu ilikuwa inagundua jibu, inamsambaratisha mwenzake, halafu mwenzake anarudi na jibu lake. Hii ndiyo maana yangu ninaposema michezo mitano inauonyesha ukocha.

Mchezo wa tano ukarudi Bologna tarehe 10 Mei. Kinder 82, Tau 74. Ginóbili akawa mchezaji bora wa fainali. Msimu huo Kinder walichukua pia kombe la Italia na ligi ya Italia, wakiwafunga jirani zao Paf kwenye fainali ya ligi. Upande wa Tau walikuwepo Waajentina wengine wawili, Luis Scola na Fabricio Oberto. Miaka mitatu baadaye, kwenye Olimpiki ya Athens 2004, wote watatu walivaa medali ya dhahabu ya Argentina. Fainali ile ya Bologna na Vitoria ilikuwa na nusu ya dunia ya kikapu iliyokuwa inakuja, na watu wengi nje ya Ulaya hawakuiona.

Siku moja baadaye, tarehe 11 Mei, timu nne za SuproLeague ziliingia ukumbi wa Bercy jijini Paris. Usidhani hayo yalikuwa mashindano ya walioachwa. Panathinaikos wa kocha Željko Obradović na Dejan Bodiroga walikuwa mabingwa wa 2000, walipowafunga Maccabi 73 kwa 67 kwenye fainali ya Thessaloniki. CSKA walikuwa na Andrei Kirilenko, kijana wa miaka 20 aliyekuwa njiani kwenda Utah Jazz ya NBA. Maccabi wakawatoa CSKA 86 kwa 80, Panathinaikos wakawatoa Efes Pilsen 74 kwa 66, na fainali ikawa marudio ya mwaka uliopita.

Safari hii Maccabi wa kocha Pini Gershon walishinda 81 kwa 67. Ariel McDonald, mlinzi aliyewaongoza, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Pamoja naye walikuwepo Anthony Parker na senta Nate Huffman. Klabu hiyo ilikuwa haijachukua ubingwa wa Ulaya tangu 1981. Miaka ishirini ya kusubiri ikaisha kwa ushindi wa pointi 14 dhidi ya Obradović, kocha ambaye hadi leo hakuna aliyefikia mataji yake tisa ya Ulaya. Anayesema Maccabi walipata taji la bei rahisi hajaangalia waliyemfunga.

Basi nani alikuwa bora? Ulaya ilijaribu kulijibu mwaka uliofuata. Baada ya Mei 2001 pande zote mbili zilikuwa zimechoka. Televisheni hazikutaka kulipia nusu ya bara, wadhamini nao vilevile, na ilikuwa dhahiri kwamba klabu zenye kampuni yake ndizo zilizoshika usukani. Msimu wa 2001-02 yakachezwa mashindano mamoja ya timu 32 chini ya EuroLeague mpya. Fainali zikapelekwa Bologna, nyumbani kwa Kinder. Timu nne zilizofika huko zilikuwa Kinder na Benetton, waliotoka upande wa waasi, na Panathinaikos na Maccabi, waliotoka upande wa FIBA. Wawili kwa wawili. Kinder wakaifunga Benetton 90 kwa 82, Panathinaikos wakawafunga Maccabi 83 kwa 75, na kwenye fainali, mbele ya mashabiki wa Bologna, Panathinaikos wakashinda 89 kwa 83.

Wapo wanaochukua matokeo hayo na kusema basi SuproLeague ndiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu hata mshindi wake wa pili aliwafunga Kinder. Siwaungi mkono. Panathinaikos wa 2002 hawakuwa wale wa 2001. Walikuwa wameongeza mfungaji hatari, İbrahim Kutluay, waliyemtoa AEK, yaani upande wa pili kabisa wa ule mgawanyiko. Kinachothibitishwa na 2002 ni kwamba vilele viwili vilikuwa na urefu mmoja. Lakini kwa kuwa umeniuliza moja kwa moja, nitajibu moja kwa moja: timu bora ya msimu wa 2000-01 ilikuwa Kinder Bologna. Maccabi walihitaji siku mbili nzuri Paris na walizipata, heshima kwao. Kinder walipoteza mchezo wa kwanza wa fainali nyumbani, wakaiua ndoto ya Tau kwao Vitoria, wakachapwa tena, na bado wakapata nguvu ya mchezo wa tano. Zaidi ya hapo walichukua ligi na kombe la Italia msimu huohuo. Kwangu hiyo inatosha.

Ama kuhusu kutokea tena, ndiyo, inawezekana, na vijana wako huenda wakaliona kwa macho yao. Mvutano wa FIBA na EuroLeague haukuisha mwaka 2001. Mwaka 2016 FIBA walianzisha mashindano mengine, Basketball Champions League, lakini klabu kubwa zilibaki EuroLeague, ambayo mwaka huohuo ilibadilika kuwa ligi ya timu 16, kila moja ikicheza na kila nyingine. Leo ni timu 20, na Dubai yenu ni mojawapo. Ila Machi 2025 NBA na FIBA walitangaza kwa pamoja kwamba wanachunguza uwezekano wa kuanzisha ligi mpya Ulaya. Ushirikiano wa wawili hao si mgeni kwetu: ndio uliozaa BAL, ligi ya Afrika iliyoanza Kigali Mei 2021. Tofauti ni kwamba Afrika hakukuwa na kampuni ya klabu iliyoshika soko, na Ulaya ipo.

Kwa hiyo usiangalie hotuba za viongozi. Angalia saini za klabu. Mwaka 2000 mambo yaliamuliwa pale Real Madrid, Barcelona na Wataliano wakubwa walipokwenda upande mmoja. FIBA walibaki na mabingwa watetezi na bado wakashindwa ndani ya mwaka mmoja. Ligi mpya ikipata klabu nne au tano za uzito huo huku nyingine zikibaki EuroLeague, utarudi kuandika majina mawili kwenye mstari mmoja. Zikihama zote, au zikikataa zote, orodha yako itaendelea kuwa na jina moja kila mwaka.